Tulimwacha mbwa wetu tukahamia nchi nyingine. Je, sasa tufuge wengine?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Mwaka jana mume wangu alipata kazi katika nchi nyingine, tukahama sote. Kule tulikotoka tulikuwa na mbwa, Simba, niliyemlea tangu akiwa mdogo, kabla hata sijaolewa, pamoja na paka wawili. Paka tuliwapa jirani ambaye tangu zamani walikuwa wakishinda kwake. Simba alikwenda kwa kaka yangu. Alikuwa ameshazeeka, miguu ya nyuma inamsumbua, na daktari alituambia waziwazi kwamba safari ndefu ya ndege, peke yake kwenye sehemu ya mizigo, ingemtesa. Mume wangu ndiye aliyempeleka. Mimi nilishindwa. Tangu siku ile hatujawahi kulizungumzia jambo hilo.

Hapa tunakaa ghorofani kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili vya kulala na kibaraza. Mimi nami nimepata kazi. Tunatoka asubuhi, watoto hurudi alasiri na sisi hurudi jioni. Mkataba wa mume wangu ni wa miaka mitatu na haijulikani kama utaongezwa. Binti yangu bado hajazoea. Lugha inamsumbua, marafiki hana wengi, na usiku humlilia Simba. Anataka mbwa. Mdogo wake anataka kasuku anayesema. Nami sitakuficha, Shangazi, nyumba isiyo na mnyama naiona tupu.

Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema hatujui kesho tutakuwa wapi. Binti yangu alimsikia akisema hivyo, akaja kuniuliza: "Na huyo mpya naye tutamwacha?" Nikakosa la kumjibu.

Mtandaoni nimeona tangazo la watoto wa mbwa, wazuri mno, bei nafuu kuliko kwingine. Muuzaji anasema wana wiki sita na wameshamaliza chanjo zote, hata ya kichaa cha mbwa. Anataka nimtumie amana haraka asije akawauza kwa mtu mwingine. Nimefikiria kuchukua wawili ili wasiwe wapweke tukiwa kazini.

Nisaidie. Je, nikichukua mbwa mwingine nitakuwa nimemsaliti Simba? Au tujitahidi tumlete yeye mwenyewe? Nichukue hao wawili? Na mume wangu nimwambie nini?

Mama wa wawili, ughaibuni

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya lolote nakuomba: usitume hiyo amana. Mengine yote yanaweza kungoja tuyazungumze kwa utulivu, hilo haliwezi.

Tangazo ulilonieleza lina dalili zote za biashara ya watu wasiomjali mnyama wala mnunuzi. Mara nyingi hao watoto wa mbwa hawapo kabisa. Picha zimeokotwa mahali pengine, na fedha ikishaingia simu haipokelewi tena. Wakiwepo, huenda hali ikawa mbaya zaidi. Watoto wa mbwa wa biashara hii huzalishwa kwa wingi kwenye mabanda machafu, hutenganishwa na mama yao mapema, huvushwa mipaka wakiwa na vyeti vya kughushi, na wengine hufa kwa ugonjwa wa parvo siku chache tu baada ya kufika kwa mnunuzi, mikononi mwa watoto ambao ndiyo kwanza wamewapa majina. Mfugaji wa kweli atakuonyesha mama wa watoto hao na mahali walipozaliwa. Atakuuliza maswali mengi kuliko utakayomuuliza wewe, na hatakuharakisha. Wewe ni mgeni hapo. Hujui bei ya kawaida ni ipi, hujui cheti halali kikoje, na una majonzi yanayokusukuma. Watu hawa humtafuta mtu wa namna hiyo hasa.

Hata hesabu zake hazikubaliani. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, chanjo hizo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, na ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida haitolewi kabla ya wiki 12. Mbwa wa wiki 6 aliyemaliza chanjo zote hayupo duniani. Na katika umri huo hapaswi hata kuondoka kwa mama yake. Angalau hadi wiki 8 anahitaji kuwa na mama na ndugu zake, maana kwao ndiko anakojifunza kucheza bila kuumiza na kutulia akikemewa. Anayekosa hayo mara nyingi hukua akiwa mwoga au mkali, na mzigo wa kumrekebisha unakuwa wako.

Kuhusu kuchukua wawili wa uzao mmoja, nia yako ni njema lakini matokeo huwa kinyume. Wakilelewa pamoja bila kutenganishwa katika mafunzo, wengi hushikamana wao kwa wao kiasi cha kutomsikiliza mtu, na mmoja akiondoka hata kwa saa moja mwenzake hupagawa. Kila mmoja angehitaji kutembezwa peke yake na kufundishwa peke yake. Muda huo huna. Mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili tatu, nanyi mnashinda nje kutwa. Hata mbwa mzima hapaswi kukaa hivyo. Sweden, kwa mfano, kanuni zao za ustawi wa wanyama zinataka wakati wa mchana mbwa asipitishe zaidi ya saa 6 bila kutolewa nje. Kwa ratiba mliyo nayo sasa, mbwa atashinda amefungiwa ghorofani akibweka na kutafuna milango, majirani watalalamika, na mwenye nyumba atapata sababu ya kuwatoa.

Kwa hiyo mbwa, kwa sasa, hapana. Najua jibu hili litamuumiza binti yako, na nitarudi kwake.

Sasa kuhusu Simba. Humsaliti mbwa kwa kumpenda mnyama mwingine. Simba yupo kwa mtu wa damu yako, hakutupwa barabarani. Siku zake zinatengenezwa na mambo yaliyo mbele yake: harufu ya mtu anayemlisha, mahali pa kulala pasipomuumiza miguu, mkono wa kumpapasa. Mkipata paka huku, hakuna kitakachopungua katika maisha yake. Kitakachopunguza ni ninyi kumwona kama jambo lililokwisha. Na hapo, mwanangu, nataka nikubane kidogo, kwa sababu hukuniambia kama unachangia matunzo yake. Mbwa mzee ana gharama: dawa za viungo, vipimo, chakula cha kumfaa. Mtumie kaka yako fedha hizo kila mwezi bila kungoja aombe. Zungumzeni pia juu ya mwisho wake, mapema, angali anakula na kutikisa mkia. Nani ataamua iwapo maumivu yatazidi? Mtataka kupigiwa simu kwanza? Kaka yako asije akabaki na uamuzi huo peke yake usiku wa manane, huku akihofia mtamlaumu.

Kumleta, hapana. Ingekuwa ni makaratasi tu ningekwambia uyafuate, hata yawe marefu. Na ni marefu kweli. Umoja wa Ulaya huwataka mbwa na paka wawe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, wachanjwe kichaa cha mbwa baada ya kuwekewa chipu hiyo, kisha zipite siku 21. Na wakitoka katika nchi zilizo nje ya orodha yao hupimwa pia damu angalau siku 30 baada ya chanjo ili kuona kama kinga imefika kiwango kinachotakiwa, halafu hungoja miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Japani hungojesha siku 180 baada ya kipimo cha namna hiyo. Australia na New Zealand huwaweka wengi karantini kwa siku zisizopungua 10. Ukali huo una sababu: kichaa cha mbwa, dalili zikishatokea, karibu kila mara ni kifo, na mbwa ndio wanaowaambukiza watu katika visa vinavyofikia asilimia 99. Lakini kizuizi cha Simba hakipo kwenye karatasi, kipo mwilini mwake. Daktari aliyempima alisema safari ingemtesa, naye ameongeza mwaka mzima tangu hapo. Safari hiyo ingekuwa ya kukutuliza wewe. Mwache alipo.

Taratibu hizo nimezitaja kwa sababu nyingine pia, nayo ni mumeo.

Ninavyoisoma barua yako, mumeo hachukii wanyama. Ndiye aliyemwingiza mbwa wako mzee kwenye gari, akamfungulia mlango kwa shemeji yake, akamwacha, akarudi nyumbani kwa mke na watoto wanaolia. Hamkulizungumza. Mimi nadhani anakataa kwa sababu hataki kuifanya kazi ile mara ya pili, na ana haki. Anza hapo. Kabla hujamtajia paka wala mbwa, kaa naye watoto wakiwa wamelala, umwambie unajua kwamba alibeba peke yake jambo lililokuwa lenu wawili, na umshukuru. Usilifanye hilo kuwa utangulizi wa kuomba kitu. Litoshe lenyewe usiku huo.

Siku nyingine ndipo mlete mezani swali la binti yenu, maana ndilo swali lile lile la baba yake. Huyo mpya naye tutamwacha? Msichukue mnyama yeyote kabla hamjalipatia jibu ambalo nyote wawili mnaliamini. Na jibu sharti liwe mpango. Ahadi ya kutomwacha ambayo haina fedha wala karatasi nyuma yake, mtoto ameshaiona ikivunjika.

Mpango wenyewe, nikichukulia mtachagua paka kama nitakavyokushauri, uko hivi. Paka anayetunzwa ndani mara nyingi huishi miaka 12 hadi 18. Mkataba ni wa miaka 3. Kwa hiyo chukulieni tangu siku ya kwanza kwamba atasafiri. Atawekewa chipu yenye namba za tarakimu 15, zinazosomwa na mashine za nchi nyingi, kwanza chipu halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mpangilio huo. Kama anayo tayari, daktari aisome na kuandika namba yake kwenye cheti cha chanjo. Marudio ya chanjo hayatacheleweshwa hata kwa siku moja, kwa sababu ikikatika, muda wa kungoja huanza upya. Mkihamia kwingine mkakuta haya yamekamilika, nusu ya kazi itakuwa imekwisha. Kila mwezi mtaweka pembeni fedha kidogo ambayo haiguswi, nauli yake. Na kabla ya yote mtaangalia nchi ambazo mumeo anaweza kupelekwa, kama mwajiri ana ofisi zinazojulikana, muone zinataka nini.

Angalieni pia sheria za hapo mlipo, kwa sababu mnyama wa kawaida kwenu anaweza kuwa kosa kwa wengine. Queensland, jimbo la Australia, huruhusiwi kufuga sungura nyumbani. California inakataza fereti, mnyama mdogo mwembamba anayefanana na nguchiro. Uingereza ina sheria ya mwaka 1991 inayopiga marufuku aina fulani za mbwa, wakiwemo pitbull. Ujerumani mbwa hulipiwa kodi ya manispaa. Uswisi hairuhusu wanyama wanaoishi kijamii, kama simbilisi (guinea pig), wafugwe mmoja mmoja. Siku nyingine mkifikiria mbwa, kumbukeni pia kwamba wenye pua bapa hupata shida ya kupumua safarini, na mashirika mengi ya ndege huwakataa. Familia inayohamahama isichague mbwa wa aina hiyo.

Mwenye nyumba naye yumo. Usome mkataba wa pango neno kwa neno. Na hata kama haukatazi wanyama, omba ruhusa kwa maandishi ikitaja idadi na aina. Ruhusa ya mdomo huyeyuka siku nyumba inapouzwa au wakala anapobadilika, na wanyama wengi hurudishwa kwenye vituo vya kulea wanyama walioachwa kwa sababu tu familia imeambiwa ichague kati ya nyumba na paka. Toeni maelezo kamili: paka waliokwisha kuhasiwa, wamechanjwa, tutalipia uharibifu. Akikataa, safari inaishia hapo mpaka mtakapohama. Msimwingize mnyama kwa siri.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia mchukue nini? Paka wawili wazima waliozoeana, kutoka kituo cha kulea wanyama walioachwa. Sisemi vitoto. Paka wa miaka mitatu minne tabia yake imeshajulikana, na walezi wa kituoni watakwambia kama anavumilia watoto, kama hukwaruza, kama hupenda kupakatwa. Kitoto cha paka ni bahati nasibu, na tena kinahitaji mtu wa kushinda nacho. Wakiwa wawili wanaopendana, saa zenu za kazi hazitawaumiza, na vituo vingi hutafutia nyumba moja jozi za namna hiyo, ambazo hungoja muda mrefu kwa sababu wengi hutaka mmoja. Kwa kawaida hutolewa wakiwa wamehasiwa au kufungwa kizazi na wameshachanjwa. Hakikisheni hilo, kwa kuwa paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu.

Wapo watakaokushauri mwanze kwa kulea kwa muda, yaani kituo kinawapa mnyama mumtunze mpaka apate nyumba ya kudumu. Ni utaratibu mzuri sana, na kwa familia nyingi zilizo na mkataba mfupi ningeupendekeza bila kusita. Kwenu siupendekezi sasa. Binti yenu ametoka kuagana na mbwa, paka wawili, shule, na kila mtu aliyemjua. Kumpa mnyama ambaye baada ya wiki chache atabebwa na watu wengine ni kumrudisha palepale.

Kijana wako na kasuku wake nitamjibu kwa ufupi. Kasuku wa kijivu, yule msemaji hodari, huishi miaka 40 hadi 60. Ni ndege wa makundi. Akishinda peke yake hunyonyoa manyoya yake mwenyewe mpaka ngozi ionekane. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kumweka kwenye orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, na kumvusha mpaka kunahitaji vibali vya nchi mnayotoka na mnayokwenda. Mweleze hayo kwa lugha ya umri wake. Mtoto wa miaka sita huelewa kabisa akiambiwa ndege atakuwa na huzuni. Paka wakija, mpe yeye kazi ya kuchagua jina la mmoja.

Binti ndiye anayehitaji muda wako mwingi. Mwambie ukweli kuhusu Simba, tena kabla ya paka kuja: ni mzee, safari ingemuumiza, mjomba anamtunza, na siku moja atakufa kwa uzee. Asiambiwe kwamba labda mwakani ataletwa. Analia kwa sababu ya Simba, ndiyo, ila analilia pia mahali alipokuwa anaelewa kila anachoambiwa, na paka hawataziba pengo hilo lote. Usiwabebeshe mzigo huo wanyama, wala usimbebeshe yeye mzigo wa wanyama. Mtoto wa miaka 9 anaweza kujaza bakuli la maji na kuchezesha paka. Kuwatunza ni kazi ya watu wazima, na siku atakapochoka au kusahau asitishiwe kwamba watarudishwa. Kitisho hicho, kwa mtoto huyu hasa, ni ukatili.

Na mapenzi yake kwa mbwa yana njia nyingine. Vituo vingi huhitaji watu wa kujitolea kutembeza mbwa, na vingine hukubali mtoto akiwa na mzazi. Nendeni wawili, wewe na yeye, Jumamosi. Atashika kamba ya mbwa, atasikia lugha ya hapo ikisemwa na watu wenye subira, na kwa kuwa kila mmoja hapo ana la kuzungumza juu ya mnyama aliye mbele yake, hatahitaji maneno mengi ili akubalike. Ningekushauri hilo hata kama msingechukua mnyama yeyote. Mwombe mumeo aje mara moja, asiombwe uamuzi wowote siku hiyo.

Paka wakishaingia, msiwaachie nyumba nzima. Watengeeni chumba kimoja chenye chakula, maji, mahali pa kujificha na beseni za mchanga wa kujisaidia, kila paka na lake na moja la ziada, mbali na chakula. Watajificha. Wengine hawatakula vizuri siku ya kwanza. Msiwavute kutoka chini ya kitanda. Binti akae sakafuni asome kitabu kwa sauti ya chini, nao watamjia wakiwa tayari. Lakini paka akipitisha siku nzima bila kula chochote mpigie daktari, maana ini la paka huharibika upesi akikaa na njaa. Walezi wengi wa vituoni hukadiria siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba, na miezi 3 mpaka mnyama aone pale ni kwake. Isiwe sheria, ila itawasaidia msikate tamaa mapema.

Kibaraza chenu kiwekewe wavu kabla hawajafika, si baada. Paka huanguka kutoka ghorofani kila mahali duniani. Wengine hupona, wengi huvunjika. Madirisha vilevile. Ondoa maua ya yungiyungi (lily) ndani ya nyumba: kwa paka, majani, chavua, hata maji ya chombo yalimokaa maua hayo huua figo. Paracetamol ni sumu kali kwao, hata kidonge kimoja. Na dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ikiwa na permethrin, inaweza kumuua paka. Nasisitiza haya kwa sababu mtu aliyewahi kufuga kwao hudhani anajua yote, kisha anakwenda kwenye rafu ya duka, asome lugha asiyoizoea, achukue kopo lenye picha ya mnyama.

Wapelekeni kwa daktari wa wanyama ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, hata wakiwa na afya njema. Mwulize ni kupe gani wapo eneo hilo, kama kuna minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, ni chanjo zipi zinatakiwa na sheria. Magonjwa ya nchi moja si ya nyingine. Mwulize pia akiugua usiku mnampeleka wapi, na namba hiyo ibandikwe kwenye friji. Kisha mhakikishe chipu imesajiliwa kwa majina yenu na simu yenu ya sasa. Chipu yenyewe haina jina wala anwani, ina namba tu. Isiposajiliwa, paka aliyepotea atasomwa na mashine na bado hatarudi.

Mkifika kituoni kuweka sahihi, ulizeni kama mkataba wao unasema watawapokea wanyama hao tena wakati wowote wa maisha yao, endapo jambo zito litawapata, ugonjwa au kifo au nchi isiyowaruhusu kuingia. Vituo vizuri huliandika hilo wazi, na vingine hulitaka kwa nguvu kabisa kuliko mnyama apewe mtu wasiyemjua. Mumeo awepo mkiuliza. Asome kifungu hicho mwenyewe, kwa wakati wake, na kama atahitaji kurudi nyumbani alale nacho kwanza, mrudi siku nyingine.

Shangazi